Daftari la Malalamiko, Kiomoni

Kambi yetu ndogo: mahema tisa, vyoo viwili,
bomba moja linalokohoa kabla ya kutoa maji,
na katikati mawe kumi na moja ya moto
niliyoyapanga, nikayasogeza, nikayapanga tena
kwa sababu ya daftari.

Daftari linaning'inia kwa kamba ya katani
mlangoni pa stoo.
Mwenye kambi alisema mgeni ana haki ya kusema.
Na mgeni husema. Husema juu ya moto.

"Moshi unanifuata. Nimehama kiti mara nne."
Huyu ni Bwana Mntangi, mhasibu, wa Chumbageni.
Nilimwona. Kweli alihama, na kweli ulimfuata
kama mtu anayemdai.

"Cheche imetoboa hema. Tundu sawa na punje ya mtama.
Nani analipa?"

"Vijana wa chuo wamecheka hadi saa nane usiku.
Mmoja anacheka kama jenereta."

"Nywele zangu zinanuka, na keshokutwa nina harusi."

"Kwa nini makumbi? Makumbi hayawaki, yananung'unika."
Hili nililipenda. Nikaandika chini yake kwa penseli:
Ni kwa ajili ya mbu, dada.
Kisha nikafuta. Daftari ni la wageni.

Mwenye kambi akazisoma kurasa zote akiwa amesimama,
kofia ya pikipiki bado kichwani.
Akaleta taa tano za sola.
"Ijumaa hii," akasema, "usiwashe."
Kuni zangu za uchagani zikakosa wa kumcheka.

Ijumaa ile popo walitoka mapangoni kwa saa yao,
wakapita juu yetu kama unga mweusi unaochekechwa.
Wageni wakala mapema, kila mtu na sahani yake.
Taa ziliwaka vizuri, sikatai:
ungeweza kuhesabu wali punje kwa punje.
Saa mbili na nusu zikaanza zipu za mahema,
moja, nyingine, nyingine,
nikabaki na mbu.

Bi Nuruana wa hema la pili, nesi mstaafu,
akaja akasimama penye mawe ya baridi.
Aligusa moja kwa ncha ya kandambili.
"Nilikuwa na neno la kusema," akasema.
"Nimelibeba tangu Korogwe, nije niliseme hapa."
"Sema tu, mama. Nakusikia."
Akaitazama taa, akanitazama mimi.
"Kwenye hii? Hii inaniangalia."

Nikaenda stoo.
Makumbi sita, tawi la mkorosho,
kurasa mbili tupu za mwisho wa daftari.

Alisema akiuelekea moto, si mimi.
Alipokwama, alisukuma kijinga kwa fimbo,
cheche zikaruka, akaendelea.
Alichosema hakimo humu.

Sijui nani alitangulia kufungua zipu.
Kiti kilikuja, kikaja kingine.
Kijana wa jenereta alileta mihogo, akakaa kimya,
akaigeuza kwa vidole, akivipuliza.
Bwana Mntangi naye, na blanketi begani.
Moshi ukazunguka mara moja, ukamtafuta, ukampata.
Akafumba macho. Hakuhama.

Asubuhi, mwandiko nisioujua:
"Tuliambiwa hakuna moto. Kulikuwa na moto.
Naomba kujua nilalamikie lipi."

Nikachota jivu kwa kopo la maziwa,
nikampelekea Mwanaidi wa jikoni, ana masufuria ya kusugua.
Kisha nikarudi mlangoni, nikachukua penseli.

Mimi mlinzi nami nalalamika.
Mnasema lala salama, mnaingia,
mnaniachia ndoo.
Na moto ukishajua umebaki na mtu mmoja
huanza kumwuliza habari za kwao.

Sikufuta.